Hermann, Fredericksburg au New Ulm: uchague mji gani kuijua historia ya walowezi wa Kijerumani Marekani

Una wikendi moja ndefu na bajeti ya kwenda sehemu moja tu. Unataka kuona kwa macho jinsi wakulima na mafundi wa Kijerumani walivyofika kwenye mpaka wa magharibi wa Marekani katika karne ya 19, wakajenga, wakazikana, wakabaki. Ukiulizia utatajiwa miji mitatu: Hermann huko Missouri, Fredericksburg huko Texas na New Ulm huko Minnesota. Yote ni midogo. Yote ina soseji, bendi za matarumbeta na sherehe ya bia kila Oktoba, na ukisoma vipeperushi vyao vya utalii utadhani mmoja umenakiliwa kutoka kwa mwingine. Historia zao, hata hivyo, zimeachana mbali. Mji utakaokufaa unategemea unachotaka kujua: walowezi waliishije wao kwa wao, au waliishije na watu waliowakuta.

Niseme mapema ninakoegemea: New Ulm, ambao kati ya yote mitatu ndio wenye mvuto mdogo kabisa kwa macho. Sababu zangu huenda zisiwe zako, kwa hiyo tuanzie mwanzo.

Kuna picha moja ya kuondoa kichwani. Msomaji wa Tanzania akisikia "Mjerumani" anaona boma, kiboko na vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Hawa walioenda Marekani waliondoka kwao miaka 50 au zaidi kabla ya hapo, wakati Ujerumani haijawa nchi moja. Iliungana mwaka 1871. Walitoka katika vijidola kama Hesse, Nassau na Hanover. Wengi walikuwa wakulima ambao mashamba yao yaligawanywa kwa warithi hadi yakabaki vipande, na mafundi waliopokonywa riziki na viwanda. Miongoni mwao walikuwamo wasomi waliowakimbia watawala baada ya maasi ya miaka ya 1830 na yale ya 1848. Hakuna serikali iliyowatuma. Ila ardhi waliyoifuata ilikuwa na wenyewe, na hapo ndipo tofauti za miji hii zinapoanza.

Viwanja vya kwenye ramani

Miji yote mitatu ilianzishwa na vyama vilivyogawa ardhi kwa watu ambao hawajaiona. Aliyewahi kununua kiwanja Dar es Salaam au Kitengela kwa kuoneshwa mchoro na dalali mwenye haraka ataielewa biashara hii bila kufafanuliwa. Kinachotofautiana ni ubovu uliofichwa ndani ya mchoro.

Hermann ndio wenye kosa dogo, na ukitazama leo, la kuchekesha. Mwaka 1836 Wajerumani wa Philadelphia waliunda chama cha makazi kwa kuhofia watoto wao watapotelea katika Kiingereza. Walitaka koloni lao, Kijerumani tupu kuanzia shule hadi sokoni. Wakala wao, mwalimu wa shule aliyeitwa George Bayer, akanunua zaidi ya ekari 11,000 kusini mwa mto Missouri. Huko nyuma Philadelphia, watu wenye rula wakachora mji wa mistari iliyonyooka, wenye barabara kuu pana kuliko ile ya Philadelphia yenyewe, juu ya vilima na makorongo ambayo hawakuwahi kuyaona. Watu 17 wa kwanza walishuka Desemba 1837, baridi imeshaingia, na Bayer mwenyewe amebaki nyuma kwa ugonjwa. Waliofuata wakakuta viwanja vyao viko kwenye genge la mlima. Bayer alibebeshwa lawama zote, akafukuzwa, na mwaka 1839 alikuwa ameshafariki.

Wenyeji wa eneo hilo, Waosage, walikuwa wamekwisha kuiachia serikali ardhi hiyo kwa mkataba wa 1808, kizazi kizima kabla. Kwa hiyo Hermann hutaiona ile sura nyingine ya mpaka. Utaona watu wakipambana na mteremko. Walichogundua ni kwamba zabibu mwitu zinastawi kwenye vilima hivyo, na mji ukaanza kugawa viwanja vya mizabibu kwa mkopo. Kiwanda cha mvinyo cha Stone Hill kilianzishwa mwaka 1847, na kufikia mwisho wa karne kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa nchini. Mwaka 1920 Marekani ilipopiga marufuku pombe, vyumba vyake vya chini ya ardhi, vya mawe na matao, vikageuzwa kuwa shamba la uyoga. Mvinyo ulirudi mwaka 1965. Ukishuka humo leo hewa ni ya baridi hata jua la Julai likiwaka nje.

Fredericksburg ni kisa kingine kabisa. Hapa waliochora ramani walikuwa makabaila. Mwaka 1842 kundi la wanamfalme na makabaila wengine lilikutana Biebrich, kando ya mto Rhein, likaunda chama cha kupeleka wahamiaji Texas, ambayo wakati huo ilikuwa jamhuri yenyewe, haijaingia Marekani. Masharti yalikuwa matamu: mwanamume asiye na familia aliweka gulden (sarafu ya huko kwao) 300, mwenye familia 600, na chama kikaahidi kumsafirisha, kumjengea nyumba na kumpa ekari 160 au 320. Kisha chama kikanunua haki juu ya ardhi ya zaidi ya ekari milioni tatu katikati ya mito Llano na Colorado, kutoka kwa watu ambao nao hawakuwa wamekanyaga huko. Mbuzi kwenye gunia. Lilipofunguliwa, ndani walikuwamo Wakomanche, taifa la wapanda farasi ambalo hakuna jeshi la Texas lililokuwa limeliweza.

Waliolipia ujinga huo ni abiria. Meli ziliwashusha maelfu ya watu kwenye ufuko mtupu wa ghuba ya Mexico, mahali palipokuja kuitwa Indianola. Hakukuwa na nyumba. Vita vya Marekani na Mexico vilipoanza mwaka 1846, jeshi likakodi magari ya ng'ombe yaliyopaswa kuwapeleka bara. Watu walikaa kwenye mahema na mashimo, katika mvua na tope, na mamia wakafa kwa homa na kuhara kabla hawajaiona hiyo ekari moja. Mwanamfalme Carl wa Solms-Braunfels, kiongozi wa kwanza wa chama huko Texas, alikuwa ameshaanzisha New Braunfels mwezi Machi 1845 kama kituo cha njiani na kurudi zake Ulaya miezi michache baadaye, akiacha vitabu vya hesabu ambavyo mrithi wake alitumia muda mrefu kuvielewa.

Mrithi huyo ndiye sababu ya kwenda Fredericksburg. John Meusebach alizaliwa kabaila, akakitupa cheo chake alipofika Texas na kujiita jina la kawaida. Mwezi Mei 1846 alipeleka msafara wa kwanza wa watu wapatao 120 kuanzisha Fredericksburg, kituo cha pili, ambacho nacho kilikuwa bado nje ya ile ardhi waliyoahidiwa. Pale kila mlowezi alipewa kiwanja mjini na ekari kumi za shamba, basi. Mwanzoni mwa 1847, wakati maafisa wa serikali wakimwonya asithubutu, Meusebach aliingia nchi ya Wakomanche na kundi dogo la watu. Inasimuliwa kwamba alipofika mbele ya wapiganaji waliojipanga alifyatua risasi zake zote hewani, ili waone bunduki ni tupu. Walimwita Jua Jekundu, kwa Kihispania El Sol Colorado, kwa sababu ya ndevu zake.

Mkataba ulitiwa saini Fredericksburg tarehe 9 Mei 1847. Wajerumani waliruhusiwa kupima na kulima. Wakomanche walipata zawadi za thamani ya dola 3,000 na haki ya kuingia mjini bila kuguswa. Upande wowote ukikosewa, ungedai kwa mwenzake kabla ya kushika silaha. Wenyeji wa Fredericksburg hupenda kusema ndio mkataba ambao haukuvunjwa, na katika uwanja wa Marktplatz wamesimamisha sanamu ya shaba ya Meusebach na kiongozi wa Kikomanche wakiwa pamoja. Mimi naisikiliza sifa hiyo kwa tahadhari. Kipindupindu cha 1849 kiliua Wakomanche wengi, pamoja na baadhi ya viongozi waliohusika, ardhi ikaendelea kupimwa, na mwaka 1875 kundi lao la mwisho lililokuwa huru lilijisalimisha Fort Sill, Oklahoma. Walowezi wa mji huu walitimiza sehemu kubwa ya neno lao. Mkataba wao haukuweza kuwafunga mikono walowezi wengine wa Texas wala jeshi.

New Ulm, ambako mambo yaliharibika

Waliojenga New Ulm hawakutoka melini moja kwa moja. Walikuwa wameshaishi mijini. Kundi la kwanza lilitoka Chicago mwaka 1854, na mwaka 1856 likaungana na wanachama wa vyama vya mazoezi ya viungo kutoka Cincinnati, wanaume wa siasa za mrengo wa kushoto, wengi wao wasioshika dini, waliochoshwa na ghasia dhidi ya wahamiaji zilizolipuka mjini humo mwaka 1855. Walitaka mji wa watu huru, wenye ukumbi wa mazoezi na maigizo mahali ambapo wengine wangeweka kanisa. Nawapenda kwa hilo. Ndiyo maana kilichofuata ni kigumu kukisoma.

Miaka mitatu kabla hawajafika, mikataba ya 1851 ilikuwa imewafanya Wadakota, wenyeji wa eneo hilo, waachie zaidi ya ekari milioni 20 na kubaki na ukanda mwembamba kandokando ya mto Minnesota. Mwaka 1858 nusu ya ukanda huo, upande wa kaskazini, ikachukuliwa pia. Wajerumani wa mwanzo walipitisha baridi yao ya kwanza ndani ya nyumba za Wadakota zilizoezekwa kwa maganda ya miti, ambazo wenyewe walikuwa wameziacha kwa msimu. Hiyo peke yake inatosha kukueleza walifikiri nchi ni ya nani.

Mwaka 1862 mavuno ya Wadakota yalikuwa yameharibika, dhahabu waliyoahidiwa na serikali ikachelewa kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wafanyabiashara wakakataa kuwakopesha chakula huku maghala yamejaa. Mwezi Agosti baadhi yao, wakiongozwa na chifu Taoyateduta, waliingia vitani. Wengine walikataa, na wapo waliowaficha walowezi. Mamia ya walowezi waliuawa mashambani, wengi wakiwa familia za Kijerumani zisizo na silaha. New Ulm ulishambuliwa tarehe 19 na tena tarehe 23. Watu walijibana nyuma ya vizuizi katika vipande vichache vya mtaa mkuu, na majengo karibu 190 yakateketea, mengine yakichomwa na walinzi wenyewe ili adui asijifiche humo. Tarehe 25 watu wapatao 2,000 waliuhama mji kwa zaidi ya magari 150 kuelekea Mankato.

Kisha ikaja zamu ya kulipiza. Tume ya kijeshi iliwahukumu kifo Wadakota 303, kesi nyingine zikiisha kwa dakika chache. Mwezi Novemba, wafungwa waliofungwa minyororo walipopitishwa karibu na New Ulm, wakazi, wanawake kwa wanaume, waliwarukia kwa mawe na chochote kilichokuwa mkononi. Rais Lincoln alipunguza orodha, na tarehe 26 Desemba 1862 watu 38 walinyongwa kwa pamoja Mankato. Hakuna hukumu ya kunyonga kwa pamoja iliyowahi kufikia idadi hiyo katika historia ya Marekani. Wanawake, watoto na wazee wapatao 1,600 wa Kidakota, ambao hawakushtakiwa kwa lolote, walifungiwa kambini Fort Snelling baridi nzima, na wengi wakafa kwa surua na magonjwa mengine.

Utumwa

Kwa Minnesota hili ni fupi: lilikuwa jimbo lisilo na utumwa. Missouri na Texas yaliruhusu utumwa, na huko swali lilimgusa kila mlowezi. Hermann ina historia safi zaidi ya nilivyotarajia kuikuta katika jimbo la watumwa. Gazeti la Eduard Mühl, mfikra huru (mtu asiyefungwa na mafundisho ya dini) aliyehamia hapo mwaka 1843, lilipinga utumwa waziwazi, na wilaya ya Gasconade ilikuwa moja ya mbili tu za Missouri zilizompa Lincoln ushindi mwaka 1860. Nyingine ilikuwa St. Louis, nayo ikiwa imejaa Wajerumani. Missouri ilipokomesha utumwa tarehe 11 Januari 1865, mwenyekiti wa mkutano uliopitisha azimio hilo, Arnold Krekel, alikuwa mhamiaji kutoka Prussia.

Texas ni ya kuangalia kwa makini zaidi, maana Wajerumani wenyewe waligawanyika. Kura ya Februari 1861 ya Texas kujitenga na Marekani: wilaya ya Gillespie, yenye Fredericksburg, ilikataa kwa kura 398 dhidi ya 16. Wilaya ya Comal, yenye New Braunfels, ilikubali. Watu wa Gillespie na vilima vyake walilipia msimamo wao. Agosti 1862, katika mwezi uleule New Ulm ulipokuwa ukiungua, kundi la vijana wa Kijerumani waliokuwa wakielekea Mexico ili kukwepa jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga lilivamiwa usiku kando ya mto Nueces. Waliokufa vitani walikuwa 19, na majeruhi tisa waliobaki uwanjani wakauawa. Mwaka 1866 ndugu zao walisimamisha nguzo ya mawe ya chokaa katika mji mdogo wa Comfort, kilomita 37 hivi kutoka Fredericksburg, yenye majina ya marehemu na maneno ya Kijerumani "Treue der Union", yaani uaminifu kwa Muungano. Ukifika Fredericksburg usipofika Comfort, umekula maganda ukaacha tunda.

Utakachokiona, na kitakachokugharimu

Fredericksburg umehifadhiwa vizuri, na unajua hivyo. Barabara kuu imejaa maduka ya vitu ambavyo mlowezi wa 1846 asingejua matumizi yake, hoteli ni ghali kuliko miji mingine miwili, na wikendi za masika unapigania maegesho. Vumilia. Nenda kwenye jumba la makumbusho ya walowezi, ukaangalie "nyumba za Jumapili": vijumba vya chumba kimoja na dari, ngazi ikiwa ukutani kwa nje ili watoto wapande kulala bila kupita kwa wakubwa. Wakulima wa mbali walivijenga mjini ili waje sokoni Jumamosi na kusali Jumapili. Vereins Kirche, kanisa la pembe nane ambalo wenyeji walilibatiza jina la kinu cha kahawa, ni nakala iliyojengwa miaka ya 1930; lile la 1847 lilibomolewa. Watoto wakichoka na historia, mwamba wa Enchanted Rock uko karibu, na kuanzia katikati ya Mei kuna pichi za kununua barabarani. Bila gari usijaribu. San Antonio iko kilomita 110 hivi, Austin mbele kidogo ya hapo.

Hermann ni rahisi kuliko yote kwa asiye na gari. Treni ya St. Louis hadi Kansas City inasimama hapo, karibu saa mbili kutoka St. Louis, na kituo kiko chini kabisa karibu na mto, kwa hiyo mji unautembea kwa miguu. Nyumba za matofali zimejengwa ukingoni kabisa mwa njia, mlango ukifunguka moja kwa moja mtaani kama mji wa Ulaya. Eneo la kihistoria la Deutschheim lina nyumba mbili za enzi hizo, mojawapo ya familia ya Strehly, ambako lile gazeti lilichapishwa. Ila kwa asiyekunywa pombe ni lazima niseme ukweli: nusu ya burudani ya mji ni mvinyo, na ukiitoa, siku moja inakutosha.

New Ulm, kilomita 150 hivi kutoka Minneapolis, hauna treni ya abiria. Mji wa sasa umejengwa juu ya majivu, kwa hiyo usitegemee mtaa wa nyumba za 1856. Ya Kiesling ni mojawapo ya chache zilizosalia katikati ya mji. Juu ya kilima kuna sanamu ya Hermann, yule ambaye mji wa Missouri una jina lake, shujaa wa Wajerumani wa kale aliyewashinda Warumi mwaka wa 9, ikiwa na urefu wa mita zaidi ya 30 pamoja na nguzo zake. Bustani za kiwanda cha bia cha Schell, cha 1860, zina tausi, na watoto watafurahi. Kinachonirudisha New Ulm ni kwamba pande zote mbili za hadithi ziko ndani ya mwendo wa gari usiozidi saa moja: mnara wa ukumbusho wa walioulinda mji katikati ya New Ulm, eneo la kihistoria la Lower Sioux (Sioux ni jina jingine la Wadakota) karibu na Morton ambako jamii ya Wadakota wenyewe ndio wasimamizi wa eneo, na Mankato yenye ukumbusho wa wale 38 kwa majina yao.

Kwa hiyo: uko St. Louis, huna gari, unataka siku ya utulivu, nenda Hermann. Una familia na uko Houston, Dallas au San Antonio, nenda Fredericksburg, lala usiku mmoja, na asubuhi ya pili iwe ya Comfort. Kwa Wakenya wa Minneapolis na viunga vyake sina hata haja ya kubembeleza, New Ulm uko mlangoni kwenu. Na anayetoka mbali kwa ndege kwa sababu anataka kuielewa mipaka ile ilivyokuwa, na yeye pia namwelekeza huko, kati ya Mei na Septemba, kwa kuwa baridi ya Minnesota haina mzaha na baadhi ya maeneo hufungwa. Ukitua uwanja wa ndege wa Minneapolis, Fort Snelling iko jirani hapo hapo. Anzia bondeni chini ya ngome, palipokuwa na ile kambi, ndipo uchukue barabara ya New Ulm.